Wokovu wa Tarehe

Liko swali ambalo kijana Mkristo katika shule zetu hawezi kulikwepa muda mrefu: "Umeokoka lini?" Aghalabu mwulizaji hataki kujua kama kijana huyo amwamini Mungu. Ataka siku, mwezi na mwaka, na ikiwezekana saa. Mwenye kuitaja hupokewa kwa nyimbo. Mwenye kusita hutazamwa kama mgonjwa, na akithubutu kukiri kuwa ana shaka, huambiwa kuwa shaka hiyo ndiyo ushahidi wa upotevu wake. Nadai kuwa mafundisho haya ni dhuluma, wala hayana msingi katika dini yenyewe.

Desturi hii haikuzuka bure. Uamsho uliowaka Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930 ulifika Kenya kabla muongo ule haujaisha. Haufai kubezwa. Uliwafanya watu warudishe mali waliyoiba, ukawaketisha pamoja watu wa makabila mbalimbali, na katika miaka ya 1950 baadhi ya wafuasi wake waliuawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Kwa watu hao ushuhuda ulikuwa na gharama. Lakini kitu cha gharama kikigeuzwa mazoea hupata waigaji, na kuiga ushuhuda ni rahisi kuliko kurudisha mbuzi wa jirani.

Wahubiri wetu hupenda kumtaja John Wesley, ambaye jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mtaa wa Aldersgate, London, alipata hakika kuwa amesamehewa. Tarehe ya pili hawaitaji. Tarehe 4 Januari 1739, kabla miezi minane haijatimia, mtu yule yule aliandika katika kumbukumbu zake kuwa yeye si Mkristo. Je, alikuwa ameokoka au hakuokoka? Wenye tarehe na watujibu. Wesley mwenyewe aliendelea kuhubiri miaka zaidi ya hamsini, akizunguka Uingereza juu ya farasi.

Kisa cha William Cowper, mshairi wa Kiingereza, chatia huzuni zaidi. Pamoja na kasisi John Newton alitunga nyimbo za kanisa zilizochapwa mwaka 1779. Zaidi ya sitini ni zake, na ule wa chemchemi ya damu twauimba hata leo kwa Kiswahili. Lakini tangu mwaka 1773, akiwa na maradhi ya akili na baada ya ndoto ya kutisha, Cowper aliamini kuwa Mungu amemtupa. Giza hilo halikumtoka kabisa hadi alipokufa mwaka 1800. Waimbaji wasiohesabika wamepata faraja katika maneno ya mtu asiyeweza kujifariji. Ni nani atakayesimama mbele ya watu amwite mpotevu, kisha awaombe wafungue ukurasa wa wimbo wake?

Nitaambiwa kuwa Waraka wa Kwanza wa Yohana uliandikwa ili waaminio wajue kuwa wana uzima. Ni kweli. Lakini usomeni wote, si mstari mmoja. Kipimo chake ni kumpenda ndugu, tena kwa matendo. Saa ya kuokoka haimo. Katika sura ya tatu mwandishi awakumbuka hata wale ambao mioyo yao yawahukumu, akisema kuwa Mungu ni mkuu kuliko mioyo hiyo. Hao ndio wenye shaka hasa, naye hakuwafukuza.

Kijana anayeshurutishwa kutaja tarehe ana njia mbili: aseme uongo mbele ya waimbaji, au aondoke. Nimewaona wa namna zote mbili. Mwongo hupewa uongozi wa chama, naye mkweli huombewa kwa jina, mlango ukiwa wazi, ili wenzake wote wasikie. Viongozi wa vyama vya Kikristo shuleni na waliache swali lile. Kama ni lazima waulize, basi wamwulize kijana kama amelipa deni lake, na kama amekwisha kusema na yule ndugu waliyekosana muhula uliopita.