Idi ya Watu wa Ghorofani

Ukurasa huu ni wa mambo ya nyumbani, na nyumba tutakayoizungumza mwezi huu ni ile iliyopandishwa juu ya nyumba nyingine. Atokaye Mnazi Mmoja akaingia Kariakoo, akaushika Mtaa wa Sikukuu au wa Kongo au wa Mchikichi, hazioni tena nyumba za Kiswahili ila moja moja, zimebanwa katikati ya maghorofa. Chini ni maduka, juu ya maduka ni stoo, na juu ya stoo wanakaa watu.

Wazee wetu walikaa katika nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na nyuma yake ua. Uani ndiko kulikokuwa na jiko, na choo, na kamba ya kuanikia nguo. Mpangaji wa chumba cha mbele na wa chumba cha nyuma hawakuwa na njia ya kutojuana, kwani walipikia mahali pamoja. Hatusemi ya kuwa waliishi kama malaika. Ugomvi wa zamu ya kufagia na wa mkaa uliopungua ulikuwapo, na pengine ulifika kwa balozi wa nyumba kumi. Lakini siku ya Idi hapakuwa na haja ya kualikana. Masinia yalipita ukumbini yenyewe, na watoto hawakujua chakula walichokila kilitoka chungu cha nani.

Ghorofa haina ua. Ina ngazi, na ngazini watu hupishana tu. Mtu akaa miaka minne mkabala na mwenziwe, milango miwili ya chuma ikitazamana, naye humjua kwa viatu vilivyo mlangoni. Wala jambo hili si la kuchekea. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka papa hapa Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafariki, na wengine wakatolewa kifusini wakiwa hai. Penye msiba wa namna ile swali la kwanza ni nani alikuwamo ndani, na wa kulijibu ni jirani, ikiwa yupo aliyemjua jirani yake. Hata tukiyaacha makubwa hayo, fikirini mzee afariki ghorofa ya tano usiku wa manane, na mjane wake hajui mlango wa kugonga.

Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, ili wenye sehemu katika jengo moja wapate chama cha kuangalia vitu vyao vya shirika, kama vile ngazi na paa. Ni sheria njema. Lakini sheria yaweza kuwakutanisha watu juu ya pampu ya maji. Kuwakutanisha juu ya sinia haiwezi. Hilo ni letu wenyewe, na siku yake ni Idi.

Twapendekeza Idi Pili, baada ya Alasiri. Idi Mosi ina wenyewe: ina sala, ina wazazi wa kuamkiwa, ina watoto waliovaa nguo mpya wanaotaka kupelekwa kutembea. Tena haijulikani mpaka mwezi uandame, na mtu hawezi kupanga mambo ya siku asiyoijua. Idi Pili ni siku ya mapumziko kwa Idi ul-Fitri, watu wamekwisha tulia, na vyakula vingi vingali ndani. Waambiwe tu: “Idi Pili, Alasiri, juu ya paa,” na tarehe iachiwe mwezi.

Sasa twaja kwenye jambo litakaloiua karamu hii kabla haijazaliwa, nalo ni kamati. Sote twaijua desturi ya mji wetu. Mtu akitaka kuoza, huundwa kamati. Kamati hupata mwenyekiti na mweka hazina. Kadi za mchango hutawanywa, na kiwango huandikwa humo. Na aliyeshindwa kukitimiza huona haya hata kupita njia ile. Mambo hayo yakiingia ghorofani, mpangaji ambaye duka lake halikuuza mwezi mzima atazima taa akae kimya ndani, watu wadhani hayupo. Basi pasiwe na mchango hata wa shilingi moja. Kila nyumba ilete kile ilichokipika kwa ajili yake yenyewe, kilichozidi kidogo. Mtume (s.a.w.) alimwagiza Abu Dharri ya kuwa apikapo mchuzi auongeze maji, kisha awakumbuke jirani zake. Tazameni, hakumwagiza aongeze nyama.

Mwenye pilau alete pilau, mwenye tambi alete tambi. Kaimati, visheti, maandazi ya jana, sharubati ya ukwaju, machungwa yaliyokatwa, vyote vina mlaji. Vijana wanaopanga chumba watatu watatu, wasiojua kupika ila chai, wapewe kazi ya mikeka na barafu, na ya kupandisha masufuria ikiwa lifti imelala, na sote twajua hulala mara ngapi. Aliyefanya kazi hajioni mgeni.

Mahali pake ni paa, karibu na matangi ya maji, pakiwa na ukuta wa kutosha kuzuia watoto, na mwenye jengo akiisha ombwa ruhusa. Pasipokuwa na ukuta tusithubutu. Itoshe korido ya ghorofa moja, au uwanja wa chini ambako magari hushusha mizigo, maana maduka mengi siku ile yamefungwa. Itandikwe mikeka pande mbili, wanaume huku na wanawake huku, kwa nyumba zishikazo desturi hiyo. Lakini upande wa wanawake uwe upande wa kukaa, usiwe jiko. Tumechoka kuona karamu ambazo nusu ya walioalikwa huosha vyombo mpaka Magharibi.

Pasiwe na kipaza sauti. Pasiwe na mgeni rasmi wala hotuba; dua moja fupi yatosha, kisha watu waachwe wazungumze. Bao liwepo, na kahawa na kashata. Watu wa Simba na watu wa Yanga wakitaka kubishana, wabishane. Klabu zote mbili ziko karibu hapa, moja Msimbazi na nyingine Jangwani, na jengo lisilo na watu wa pande zote mbili sisi hatujaliona.

Wataulizwa wengine: je, jirani asiye Mwislamu? Jirani ni jirani. Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu amemtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali, na Abdullahi bin Amri alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amekwisha pelekewa fungu. Tena liko jambo la kupendeza hapa kwetu. Ndugu zetu wengi wafanyao biashara Kariakoo ni watu wa Kilimanjaro, na Krismasi ikikaribia hufunga maduka wakaenda kwao, tusipate nafasi ya kula nao sikukuu yao. Idi huwakuta mjini, nao siku ile hawana pa kwenda.

Mwaliko upelekwe kwa miguu. Kundi la simu la jengo lisitumike, kwani humo ndimo watu wanamotupiana maneno ya maji na taka, na mwaliko utakaotoka humo utanuka taka. Waende wawili, mmoja awe mtoto, wapige hodi mlango kwa mlango, waulize majina na waseme yao. Mgonjwa au bibi asiyeweza kupanda apelekewe sahani, na apelekaye aketi naye kidogo.

Jengo la nyumba 40 lisianze na watu wote. Ianze ghorofa moja, watu kumi na watano tu. Idi ul-Hajji huja baada ya siku kama 70, na tarehe yake hujulikana siku kadhaa mbele. Hapo ghorofa ya tatu yaweza kuialika ya nne, na nyama ipo.

Na mlinzi wa getini hawezi kuliacha geti lake. Sahani yake iteremshwe ya kwanza, pilau ingali moto, na anayeiteremsha amuulize jina lake.