Dhana Mbaya Haimponyi Mgonjwa

Yatupasa, ndugu zetu Waislamu, tujihadhari na ndimi zetu. Mtu akitokwa na mabaka ya zambarau miguuni, majirani hunong'ona: karogwa, au kafanya uovu.

Maradhi haya ni saratani iliyoelezwa na tabibu Moritz Kaposi wa Vienna mwaka 1872. Mwaka 1994, huko Marekani, Yuan Chang na Patrick Moore waligundua kirusi kinachoyaleta. Kirusi hicho huenea khasa kwa mate, na katika Afrika ya Mashariki wengi hukipata utotoni, bila ya kosa lolote. Walio wengi hawaugui. Mara nyingi mabaka huzuka pale kinga ya mwili inapodhoofika. UKIMWI huidhoofisha mno, lakini si sababu peke yake: matabibu walikutana Kampala mwaka 1961 kuyazungumza maradhi haya, miaka 20 kabla ya UKIMWI kutambuliwa.

Basi nani ajuaye siri ya mwili wa mwenziwe? Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Tumpeleke mgonjwa hospitali mapema, apimwe damu na kipande cha ngozi. Akiwa na UKIMWI, dawa zake mara nyingi huyapunguza mabaka. Na zipo dawa za saratani yenyewe. Tumsitiri, tumwuguze, wala tusimsengenye.

Wabillahi tawfiq.