Ulizo Lililotoka Ndani ya Shimo: Yesu ni Nani?



Mwezi huu ninajibu ulizo ambalo halikuja kwa barua. Kijana mmoja alilileta nyumbani kwangu hapa Nyantende, jioni ya mvua. Alikuwa ametoka Kamituga, kule vijana wetu wengi wanaenda kutafuta zahabu. Tulimpa chai, akaishika tu mikononi bila kuinywa. Halafu akasema:

"Pasta, mule mu shimo tuko tunabishana juu ya Yesu. Mwenzangu mumoja anasema alikuwa nabii tu, mutu muzuri. Mwingine anasema hapana, ni Mungu, na Mungu hasikiake baridi wala njaa. Sasa mimi najiuliza: kama ni mutu tu, atatutosha mu shimo namna gani? Na kama ni Mungu tu, shimo anaijulia wapi?"

Kijana huyu alikuwa Kamituga tarehe 11 Septemba 2020. Siku ile, nyuma ya mvua kali, mashimo ya mahali panapoitwa Detroit yalijaa maji na watu wapata 50 wakafia ndani. Basi hakuwa anacheza na maneno. Nilikaa kimya kwanza. Kuna maulizo ambayo mchungaji akiyajibu upesi, anaonyesha kwamba hakuyasikia.

Wapendwa, ulizo hili ni la zamani sana. Yesu mwenyewe aliwauliza wanafunzi wake wanamtaja kuwa nani (Matayo 16:15). Mafundisho yanayojibu ulizo hilo, wenye elimu wanayaita Kristolojia, ndiyo elimu juu ya Kristo. Msifikiri ni jambo la walimu wa shule ya Biblia peke yao. Ubatizo wetu, Meza ya Bwana, sala zetu na tumaini la ufufuo, vyote vinasimama juu yake, sawa vile nyumba inasimama juu ya msingi.

Tuanze na yule anayesema Yesu ni nabii tu. Mambo yanayokaribiana na hayo yalifundishwa humu humu Afrika, katika Aleksandria ya Misri. Padri mmoja, jina lake Ario, alifundisha kwamba Mwana ni mkubwa kupita viumbe vyote, lakini naye aliumbwa. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nisea, katika inchi inayoitwa leo Uturuki, wakakataa fundisho hilo. Wakaungama kwamba Mwana ni Mungu kweli, wa asili moja na Baba. Atanasio, aliyekuwa askofu wa Aleksandria kuanzia mwaka 328, alilinda ungamo hilo maisha yake yote, hata wakamfukuza katika mji wake mara tano. Mwaka 2025 Wakristo wa dunia nzima walikumbuka miaka 1,700 ya mkutano ule.

Juu ya nini mtu akubali kufukuzwa mara tano sababu ya neno moja? Sisi Bashi tunaweza kufahamu. Shamba la kalinzi linatoka kwa mwami ao kwa wakubwa wake wenye ruhusa. Mjumbe anaweza kuleta habari ya shamba, lakini hawezi kukupa shamba kwa mamlaka yake mwenyewe. Kama Yesu ni mjumbe tu, alituletea habari ya msamaha, lakini msamaha wenyewe bado uko mbali. Walimu wa sheria waliliona jambo hilo siku Yesu alipomsamehe mtu mwenye kupooza. Waliuliza ndani ya mioyo yao nani anaweza kusamehe zambi isipokuwa Mungu (Marko 2:5-7). Ulizo lao lilikuwa sawa. Walikosa kuona tu nani anasimama mbele yao.

Sasa tumsikie yule wa pili, anayesema Yesu ni Mungu na hajui baridi wala njaa. Huyu anafikiri anamheshimu Yesu, kumbe anamwondoa kwetu. Tangu siku za mitume walikuwako watu waliosema kwamba Yesu alionekana tu kama mtu, mwili wake haukuwa mwili wa kweli. Yohana aliwakataa kwa ukali (1 Yohana 4:2-3). Nyuma yao Gregori wa Nazianzi alifundisha hivi: kitu cha mwanadamu ambacho Kristo hakukitwaa, hicho hakikupona. Kama hakutwaa mwili, miili yetu haina mwokozi. Kama hakuogopa kamwe, woga wetu hauna mponyaji.

Mwaka 451, katika mkutano wa Kalkedonia, maaskofu waliyaweka yote mawili pamoja: Kristo ni mmoja, naye ni Mungu kweli na mtu kweli, bila kuchanganywa na bila kugawanywa. Makanisa ya zamani ya Misri na Ethiopia hayakukubali namna ya kusema ya mkutano ule, lakini nayo yanaungama kwamba Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli.

Nilimsomea kijana wangu Marko 4. Yesu analala katika mashua sababu amechoka. Sisi wa Ziwa Kivu tunajua kulala mashuani wakati wa zoruba ni uchovu wa namna gani. Halafu anaamka, anakemea upepo, nao unatulia. Aliyelala na aliyekemea ni mmoja.

Kisha nikamwonyesha Marko 15:46. Walimlaza Yesu katika kaburi lililochimbwa ndani ya mwamba, wakafunga mlango kwa jiwe. Kijana alisoma mara mbili. Akasema polepole: "Kumbe naye aliingia mu shimo."

Ndiyo, mwanangu. Aliingia kabisa, akiwa maiti, sababu ni mtu kweli. Tena alitoka siku ya tatu, na mauti haikuweza kumzuia, sababu ni Mungu kweli. Aliye chini pamoja nawe, kama hana nguvu ya kutoka, mtalia wote wawili. Mwenye nguvu akibaki juu bila kushuka, utamsikia kwa mbali tu. Yesu alishuka, na yeye peke yake anaweza kututosha.

Lakini mjihazari. Wako watu wanaouza mafuta na maji kwa wachimbaji, wakisema ukitaja jina la Yesu juu yake utaona zahabu. Hiyo ni kumfanya Bwana kuwa dawa ya mfukoni. Tena tusimwambie kijana aingie shimo lisilo na miti ya kushikilia udongo, eti anaamini. Mwana wa Mungu alitwaa mwili, kwa hiyo mwili wa mchimbaji una bei, na mwili wa mama anayetwanga mawe vilevile. Wenye mashimo walio waamini wakumbuke neno hilo siku ya mvua.

Juu ya nini wale wa mwaka 2020 walikufa, wengine wakabaki? Sikumpa kijana jibu, na ninyi sitawadanganya. Ninajua tu kwamba Yesu alilia mbele ya kaburi la rafiki yake (Yohana 11:35), na kisha akamwita kwa jina.

Kijana alikunywa chai yake ikiwa imepoa. Asubuhi alirudi Kamituga. Tumuombee.

Ya kuzungumza katika jamaa: Sisi katika nyumba hii, tunamwita Yesu nani siku ya furaha? Na siku ya kilio?

Mungu awabariki. Tutaonana mwezi ujao.