Radi haina mchawi, ina njia: Hasara za umeme mlimani na namna ya kuzipunguza

KILA masika yanapoanza, wakazi wa Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu husikia milio ya aina mbili. Wa kwanza ni ngurumo inayotoka juu, upande wa msitu. Wa pili ni mlipuko mfupi na mkavu, kama wa bunduki, unaotoka kwenye nguzo ya umeme jirani na duka au kanisa, kisha giza linatanda. Kesho yake hesabu huanza. Mwenye bucha ana nyama inayoharibika, mwenye saluni hana kazi, kikundi cha maziwa hakina pa kupoozea maziwa ya jioni, na huko kihambani kuna mtu aliyemkuta ng'ombe wake amekufa chini ya mti.

Hasara zote hizo tumezoea kuzitia katika kapu moja. Wengine huliita kazi ya Mungu, wengine huliita kazi ya jirani mwenye wivu. Lakini ukizichambua moja moja utaona kwamba nyingi hupita katika njia zinazojulikana, na njia hizo zinaweza kufungwa kwa gharama ambayo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanaimudu.

Mlima unavyotengeneza dhoruba

Kilimanjaro siyo sehemu inayoongoza kwa radi katika ukanda wetu. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba mashariki mwa Kongo na eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Mkoani Geita, Januari 2025, radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe. Nchini Uganda, Juni 2011, wanafunzi 18 na mwalimu wao walikufa katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo.

Hata hivyo, mlima una yake. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi inapogonga miteremko hulazimika kupanda, hupoa na kuwa mawingu mazito. Ndiyo maana ukanda wa msitu upande wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, huku Moshi mjini ikipata chini ya nusu yake. Mawingu hayo yanapokua kwenda juu, ndani yake umeme hujitenga na kutafuta njia ya kushuka.

Wala radi haisubiri masika. Januari 2, 2013, mpanda milima maarufu wa Ireland, Ian McKeever, aliuawa na radi akiongoza kundi la wapandaji kwenye mlima huu huu. Kwa mji ambao waongozaji na wapagazi wake wengi wanaishi kwa utalii, tukio hilo lilikuwa ukumbusho kwamba radi ni suala la kazi na kipato pia.

Ng'ombe chini ya mparachichi

Mkulima anapokuta ng'ombe wawili au watatu wamekufa kwa pamoja bila jeraha kubwa, huku mtu aliyekuwa jirani akiwa amepona, fikra za uchawi huja haraka. Maelezo yake ni rahisi kuliko hivyo. Radi ikipiga mti, umeme hauishii kwenye shina. Husambaa ardhini kuzunguka mizizi, na nguvu yake hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Miguu ya mbele ya ng'ombe na ile ya nyuma imeachana kwa zaidi ya mita moja, kwa hiyo umeme huingia kwa miguu ya upande mmoja, hupita kifuani na kutokea upande wa pili. Mtu aliyebana miguu yake pamoja hupata tofauti ndogo zaidi.

Kutokana na hilo, mambo mawili yanafuata. Kwanza, usimfunge ng'ombe kwenye mgrevilea au mparachichi mrefu wakati wingu limefunga. Banda lijengwe mbali na mti mrefu kuliko yote shambani. Pili, kwa wafugaji wa tambarare, waya wa uzio unaweza kubeba umeme wa radi mbali sana na mahali ilipopiga. Mafundi hushauri waya huo uunganishwe na vyuma vilivyozamishwa ardhini kila baada ya umbali fulani, ili umeme ushuke kabla ya kuwafikia mifugo.

Imani za kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu hazina madhara, ila hazizuii kitu. Kinachosaidia ni kuhesabu. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, acha kuchuma kahawa, toka shambani, ingia ndani ya nyumba imara au gari lililofungwa, na usitoke hadi nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho.

Transfoma inapolipuka

Tuje kwenye mlipuko wa nguzoni. Si kila mlio ni transfoma iliyopasuka. Mara nyingi ni fyuzi ya juu iliyokatika, nayo imefanya kazi yake. Transfoma yenyewe ina mafuta yanayopoza nyaya za ndani na kuzitenganisha. Umeme wa radi ukiingia kupitia laini na kuvunja kinga hiyo, cheche za ndani hugeuza mafuta kuwa gesi, presha hupanda ghafla na tangi hupasuka.

Kinachotakiwa kuzuia hali hiyo ni kizuia radi kilichofungwa karibu na transfoma, pamoja na waya wa shaba unaopeleka umeme ardhini, ambao mafundi huuita waya wa ethi. Hapa ndipo penye jambo tusilopenda kulisema. Waya huo huibwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mafuta nayo hunyonywa na kuuzwa, mengine yakiishia kwenye mashine za kuchomelea. Transfoma isiyo na ethi haina kinga wakati wa radi, na isiyo na mafuta ya kutosha huungua hata siku ya jua.

Radi basi hulaumiwa kwa kazi iliyoanzwa na mwizi. Na mwizi haibi bila soko. Fundi anayenunua mafuta ya bei ya kutupa bila kuuliza yametoka wapi anajizimia umeme mwenyewe. Tena baadhi ya transfoma za zamani zina kemikali za sumu aina ya PCB, zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ambao Tanzania imeuridhia. Mafuta hayo hayafai kuguswa, sembuse kukaangia chakula.

Jambo la pili ni mzigo. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007, umeme umepanda hadi vitongoji vya juu. Vihamba vinagawanywa, nyumba zinaongezeka, na mashine za kusaga na kuchomelea zinafungwa kwenye laini ileile. Wateja wanaoona taa zinafifia kila jioni watoe taarifa ya maandishi TANESCO kwa pamoja, wasisubiri mlipuko.

Nani analipa?

Friji ikiungua, swali la kwanza ni fidia. Malalamiko huanzia TANESCO. Usiporidhika unakwenda EWURA, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji, yaani EWURA CCC, kwa ajili ya kumsaidia mtumiaji. Lakini radi ni janga la asili, na ni vigumu kumtwika mtoa huduma gharama yake usipoonyesha kwamba kulikuwa na uzembe. Andika tarehe na saa, piga picha, orodhesha majirani walioathirika siku hiyo hiyo, pata maelezo ya fundi mwenye leseni, na dai namba ya taarifa. Kama mliwahi kuripoti kwamba waya wa ethi umeibwa na haukurudishwa, barua hiyo ndiyo ushahidi wenu mkubwa.

Kwa upande wa bima, sera ya kawaida ya moto hutaja pia radi, ila vifaa vilivyoungua kwa umeme kuzidi mara nyingi huachwa nje. Mfanyabiashara aulize kabla ya kusaini, si baada ya hasara.

Kabla mvua haijaanza

Mambo manne yanatosha kwa kuanzia. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA apime ethi ya nyumba au duka, kwani ethi nyingi zilifungwa siku ya kuunganishiwa umeme na hazijaguswa tena. Weka kifaa cha kukata umeme unapozidi kwenye friji na vipoza maziwa. Chomoa vifaa mapema wingu linapofunga, si wakati radi iko juu ya paa. Na umeme ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuwasha. Mwisho, uongozi wa kitongoji uweke zamu ya kuitazama transfoma kama unavyolinda mfereji wa maji, maana vyote viwili ni mali ya wote.

Lipo na la uhai. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini: mguse, mkandamize kifua kama hapumui, mkimbizeni hospitali. Aliyeshikwa na waya ulioanguka ni kinyume chake: kaa mbali, wazuie watoto, umeme ukatwe kwanza. Wapo waliokufa kwa kuyachanganya haya mawili.

Mvua hatuwezi kuizuia, na kwa kahawa na ndizi zetu hatutaki kuizuia. Waya wa shaba unaoshuka kwenye nguzo ya jirani, huo tunaweza kuulinda.