Fasta kwa nani?

Wasee, mtu akitaka baiskeli ya barabarani swali la kwanza ni "gani ni fasta?" Jibu anapewa ni moja: chukua ya resi. Usukani chini, mgongo umelala, unakaa kama wale wa Tour de France. Poa. Lakini wale wanalipwa kukaa hivyo, na jioni kuna mtu wa kuwakanda misuli.

Sikatai fizikia. Kwa tambarare, ukishapita kama kilomita 30 kwa saa, adui ni upepo, na kinachoukamata zaidi ni mwili wako, si fremu. Ndio maana resi inakulaza. Sasa niambie, unaweza kulala hivyo dakika ngapi? Toka Rongai, pita Kiserian, teremka hadi Olepolos halafu urudi na ule mlima. Wengi wanarudi wameketi wima, shingo imekaza, vidole vimekufa ganzi. Huyo amelipia mkao ambao hautumii.

Baiskeli ya masafa ina usukani juu kidogo na karibu nawe. Magurudumu yameachana zaidi, so ukiteremka kwa kasi imetulia. Halafu inabeba tairi pana, na hapa ndio watu hubisha. Zamani ilikuwa milimita 23, imejazwa upepo hadi ikawa jiwe. Leo hata mapro wako 28 kwenda juu, kwa sababu kwa lami mbovu tairi ngumu inarukaruka, na kila mruko unakula nguvu yako. Specialized wana modeli inaitwa Roubaix, jina limetoka kwa Paris–Roubaix, yale mashindano ya Ufaransa yanayopita juu ya barabara za mawe. Lami zetu zilizochimbwa na kuzibwa mara tano ni binamu wa yale mawe.

Uzito? Tofauti mara nyingi ni kama kilo moja. Hizo ni chupa mbili ndogo za maji, buda.

Kama unashindana kweli na mgongo wako unakunja, nunua resi, sina neno. Kinachoniuma ni msee aliyeweka akiba mwaka mzima, halafu miezi mitatu baadaye anapost "inauzwa, haijatumika sana". Anadhani kuendesha si kwake, na ni mkao tu ulimtoa.

Kabla utume pesa, panda, shika usukani kule chini na ukae dakika kumi bila kuinuka. Muuzaji akikuharakisha, nenda duka lingine.