Kofia ya Idd Ishonwe Nyumbani

Kila Ramadhani ifikapo kumi la mwisho, maduka ya nguo ya Mombasa, Malindi na Lamu hujaa wazazi wanaotafuta kanzu na kofia za watoto. Kofia nyingi zilizoko humo ni kazi ya mashine, zimeletwa kutoka ng'ambo, na bei yake ni nafuu. Mzazi mwenye watoto watano akizinunua hatumlaumu. Tunalotaka kulisema ni kwamba huenda nyumbani kwake yupo nyanya ajuaye kushona kofia ya viua, na mwaka huu tena hakuna aliyemwomba amshonee mjukuu wake.

Kofia ya viua si kazi ya siku moja. Kitambaa cheupe cha pamba hukatwa sehemu mbili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Maua huchorwa kwanza, kisha vitundu vidogo vidogo hutobolewa kimoja kimoja, na ukingo wa kila kitundu huzungushiwa uzi ili usifumuke. Vitundu hivyo ni pambo, na pia hupitisha hewa kichwani. Kofia iliyojaa maua yaweza kumchukua mshonaji miezi kadhaa, na ndiyo sababu bei yake haiwezi kushindana na ya mashine.

Lakini nyanya amshoneapo mjukuu hauzi, na hapo hesabu ya duka hukoma. Macho yake yakishindwa kuliona tundu la sindano, mjukuu ndiye atakayemtungia uzi. Mtoto huyo atauliza ua hili laitwaje, na nyanya alifunzwa na nani. Siku moja ataomba naye ashone kitundu kimoja. Hivyo ndivyo ufundi huu ulivyotufikia, kutoka mkono hadi mkono. Wala isisemwe kuwa ni kazi ya wasichana peke yao, kwani Lamu wanaume pia hukaa barazani wakashona kofia.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001. Twashukuru, kwani nyumba za mawe na milango ya kuchonga zapaswa kuhifadhiwa. Lakini nyumba iliyobomoka yaweza kujengwa upya kwa kuitazama picha yake. Mshonaji akifariki bila kumwachia mtu ufundi wake, kofia iliyowekwa kabatini haitamfunza mtoto namna ya kuishika sindano.

Wako watakaosema kwamba kichwa cha mtoto hukua upesi, na kazi ya miezi itavaliwa Idd moja au mbili tu. Ni kweli. Basi kofia ya mtoto na iwe na maua machache, na ikimbana apewe mdogo wake. Kanzu nayo ishonwe kwa cherehani, iachiwe upindo mpana wa kufumuliwa mwaka wa pili. Wengine wataogopa kwamba mtoto ataona haya mbele ya wenzake waliovaa vya dukani. Hao twawakumbusha kwamba sunna ya siku ya Idd ni kuvaa kilicho kizuri katika ulicho nacho. Hakuna aliyelazimishwa kununua kipya.

Shauri letu ni moja. Kichwa cha mtoto kipimwe mapema, Maulidi ya Mfungo Sita yamalizikapo, au ikichelewa sana mwezi wa Rajabu. Mzazi anunue kitambaa na uzi, ampelekee nyanya pamoja na mjukuu mwenyewe, na amwache mtoto huko jioni mbili tatu kwa wiki. Haba na haba hujaza kibaba, na kitundu kwa kitundu kofia itakamilika kabla ya mwezi kuandama. Kwa jumuiya yetu, kofia hiyo moja itakuwa pia mshonaji mmoja mpya aliyeanza kujifunza.