Mguu wa Mtoto Upimwe Kwanza

Baridi ya Ufipa haina huruma. Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ifikapo Juni na Julai hata watu wazima wa kata ya Izia hutoka alfajiri wamejifunika makoti. Katika baridi hiyo hiyo mtoto wa mwaka mmoja na nusu, aliyeanza juzi tu kutembea, huvuka kizingiti na kukanyaga ardhi. Swali la nini kikae kati ya unyayo wake na ardhi hiyo huonekana dogo mno kuzungumzwa na watu wazima. Kumbe ndani yake mna mambo ya afya, ya uchumi wa nyumbani na ya viwanda vya taifa zima.

Mzazi anayekwenda sokoni kumtafutia mtoto huyo viatu hukutana na njia tatu. Ya kwanza ni viatu vya plastiki. Bei yake ni nafuu, lakini hutoa jasho mchana, havizuii baridi asubuhi, na kingo zake huchubua ngozi laini. Ya pili ni mitumba. Humo hupatikana viatu vizuri, kwa kuwa mtoto wa ng'ambo naye hukiacha kiatu kabla hakijachakaa; ila mnunuzi hulazimika kuchukua kilichopo, si kinachomtosha mwanawe. Ya tatu ni viatu vipya vya dukani, ambavyo bei yake humfanya mwalimu au karani aulize mara mbili. Akishauliza, hufanya lile ambalo wengi hulifanya: hununua kikubwa, akasokota kitambaa puani mwa kiatu, akasema, "Atakikuta."

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Sehemu kubwa ya mifupa ya mguu wa mtoto mdogo bado ni gegedu, haijawa mfupa mgumu. Uvungu wa unyayo wake haujajengeka, na utaendelea kujengeka kwa miaka kadhaa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walikusudia malezi mema, lakini kiatu kibaya nacho huifuata kanuni hiyo hiyo. Kiatu kinachobana huvikunja vidole vilivyo vibichi. Kilichopwaya humfanya mtoto akikamate kwa vidole, aburure miguu na kujikwaa. Tena mtoto wa umri huo hajui kusema panapomuuma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti huyu hana hata maneno ya kuieleza.

Wapo watakaosema kwamba babu zao walikua miguu mitupu na hawakudhurika. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni vema ikubaliwe. Juu ya sakafu safi ya nyumbani, au juu ya mkeka, mtoto anayejifunza kutembea hafai kuvikwa kiatu kabisa, kwani mguu mtupu hupata nguvu na hujifunza mizani. Nusu ya pili iko nje ya mlango. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu unaokanyaga udongo uliochafuliwa na kinyesi, kisha hunyonya damu na kuleta upungufu wake. Funza huchimba vidoleni. Msumari wenye udongo waweza kuleta pepopunda. Hao babu waliokua bila kudhurika ndio walioishi wakasimulia. Waliodhurika hawakubaki kusimulia.

Ikiwa basi kiatu cha nje ni cha lazima, swali linalofuata ni la kipimo. Namba iliyopigwa chini ya soli haitoshi kumwongoza mzazi. Katika kipimo cha bara la Ulaya, hatua ya namba moja hadi inayofuata ni theluthi mbili za sentimeta. Katika kipimo cha Kiingereza ni theluthi moja ya inchi. Vipimo vyote viwili hukutana katika rundo moja sokoni. Njia ya hakika ni nyepesi. Mtoto asimamishwe wima juu ya karatasi, kisigino kikiguse ukuta, alama iwekwe penye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha urefu usomwe kwa rula. Miguu yote miwili ipimwe, maana mara nyingi hailingani, na ule mkubwa ndio ufuatwe. Ndani ya kiatu ibaki nafasi ya kiasi cha sentimeta 1 mbele ya kidole. Zaidi ya hapo ni kupwaya.

Ugumu wa bei unatokana na kukua kwenyewe. Mguu wa mtoto mdogo waweza kukiacha kiatu katika miezi mitatu au minne. Hesabu yake ni jozi tatu au nne kwa mwaka kwa kila mtoto. Hakuna mshahara wa kawaida unaolimudu hilo kwa bei za dukani, na ndiyo sababu ya kile kitambaa kinachosokotwa puani mwa kiatu. Mzazi hapaswi kulaumiwa kwa hilo. La kuulizwa ni kwa nini nchi iliyo miongoni mwa zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika imeshindwa kumvika mtoto wake.

Jibu lake limo katika historia. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa za kampuni ya viatu ya Bata, na viatu vya Bora vikavaliwa mijini na vijijini. Kisha kikajengwa kiwanda cha viatu cha Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilipangiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, na zaidi ya robo tatu ya hizo zilikusudiwa kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ulikoma. Ilipangwa miguu ya wageni kabla ya kupimwa miguu ya wenyeji. Huo ni msiba wa mipango, wala haukuwa upungufu wa ng'ombe au wa mikono.

Funzo jingine lilikuja mwaka 2016, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokusudia kuondoa nguo na viatu vya mitumba ifikapo 2019. Marekani ilitishia kuondoa nafuu za kibiashara, na nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, zikarudi nyuma. Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Anayetaka kufunga mlango wa mitumba hana budi kwanza awe na kiatu chake mkononi.

Kiatu cha mtoto mdogo hakihitaji kiwanda cha jozi milioni 4. Kinahitaji kipande cha ngozi laini ya mbuzi, soli inayopindika, kamba, kalibu ndogo za mbao na fundi anayejua kipimo. Ufipa haikupata kuwa nchi ya watu wasiojua ufundi. Mabaki ya malungu, zile tanuri ndefu za udongo zilizoyeyushia chuma cha majembe, yangali yakishuhudia. Njombe, katika nyanda hizo hizo za kusini, mashamba ya miwati yalianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya dawa ya kusindikia ngozi. Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lipo kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivyo. Sheria nayo inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi viatu kina haki ya kukaa katika foleni hiyo pamoja na wengine.

Fundi hawezi kushona asichokijua, na hapa watumishi wa umma wana la kufanya bila kungoja bajeti. Kila mwezi watoto hupelekwa kliniki kupimwa uzito, na uzito huandikwa katika kadi. Ubao wenye alama za sentimeta ukiwekwa kando ya mizani, urefu wa mguu nao utaandikwa katika kadi hiyo, na mama ataondoka akijua namba ya kumpa fundi au ya kutafuta katika rundo la mitumba. Hapo hapo kliniki pawekwe sanduku la viatu vilivyoachwa vikiwa bado vizima. Viatu vya mtoto mmoja wa Izia vifuliwe, vianikwe juani, vimfae mwingine.

Hayo yote huanza na rula na karatasi. Mwalimu anazo darasani, karani anazo mezani. Mtoto aliyesimama kizingitini hana uwezo wa kudai, wala hangoji. Kila miezi mitatu inayopita mguu wake unakuwa mwingine.